Fundi, ninunue kamera ya megapikseli 64 au ya 20?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa historia wilayani Kondoa. Natafuta kamera ndogo ya mfukoni, kwanza kwa ajili ya michoro ya miambani ninapowapeleka wanafunzi Kolo, pili kwa mahafali na vikao vya shule, ambavyo mara nyingi tunavifanya ukumbini jioni. Nina laki tano. Hapo Dodoma mjini nimeonyeshwa mbili. Moja ni mpya, jina lake silijui, boksi limeandikwa megapikseli 64, zumu mara 18, video ya 4K, bei laki mbili na themanini. Nyingine ni ya mtumba, Sony RX100 ile ya kwanza: megapikseli 20, zumu mara 3.6, haina 4K, imeandikwa "kihisi cha inchi 1", na mwenyewe anataka laki nne na tisini. Muuzaji wa ile mpya anasema 64 ni zaidi ya mara tatu ya 20, na kwamba nikinunua mtumba nitajuta. Nichukue ipi? (Mwalimu, Kondoa)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Chukua hiyo ya megapikseli 20, mradi ipite majaribio nitakayokupa huko mbele. Ningeweza kuishia hapo, lakini hesabu hiyo ya "mara tatu" inaniumiza. Haipiti wiki hapa kwangu Majengo, Dodoma, bila mtu kuniwekea mezani kamera mpya yenye namba kubwa na kuniuliza kwa nini picha za harusi ya mdogo wake zimejaa chenga. Ninapomweleza, pesa imeshatoka, na harusi haitarudiwa.

Megapikseli ni hesabu ya vinukta vinavyounda picha. Haisemi vinukta hivyo vimepata mwanga kiasi gani, na picha ni mwanga. Kitu cha kuuliza kwanza ni ukubwa wa kihisi, kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi ambacho sisi mafundi tumezoea kukiita sensa.

Hiyo "inchi 1" usiipime kwa rula. Kihisi cha jina hilo kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, na kona hadi kona hakifiki hata milimita 16. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani, iliyotajwa kwa kipenyo cha mrija mzima na si sehemu iliyopokea picha. Mrija ulikufa, jina likabaki. Kamera ndogo nyingi za bei ya kawaida zilitengenezwa na kihisi kinachoandikwa 1/2.3, ambacho ni milimita 6.17 kwa 4.55, karibu sawa na punje ya mbaazi. Zidisha mwenyewe: cha kwanza kina milimita za mraba 116, cha pili 28. Hapo ndipo ilipo "mara nne" ya kweli, na kwenye boksi haiandikwi kwa herufi kubwa.

Wewe unatoka Kondoa, mvua za kukinga unazijua. Maji utakayopata yanategemea ukubwa wa paa. Chini ya paa la bati tatu panga ndoo 20 au vikombe 64, maji yatakayoshuka ni yale yale, ila kila kikombe kitaambulia matone. Mwanga ndio mvua, kihisi ndilo paa, na megapikseli ni idadi ya vyombo ulivyopanga chini. Mvua ikiwa kubwa, vyombo vyote vinajaa na hutaona tofauti. Ndiyo maana muuzaji anakutoa nje ya duka saa sita mchana, anapiga picha barabarani kwenye jua hili la Dodoma, anakuonyesha kwenye kioo kidogo cha nyuma, nawe unaridhika. Kesho yake uko ukumbini saa moja jioni na taa mbili za darini. Kamera ile haina cha kukusanya, basi inalazimika kupandisha ISO, yaani kukikuza kile kidogo ilichopata, na inapokikuza inakuza na uchafu wake. Hizo ndizo chenga. Sura za watoto zinageuka kama zimepakwa nta, kwa sababu programu ya kamera imejaribu kuzifuta chenga na imefuta na sura.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2008 Canon walitoa kamera ndogo ya PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka 2009 wakaifuata na G11, kihisi cha ukubwa ule ule wa 1/1.7, lakini megapikseli wakazishusha hadi 10, wakitaka picha safi zaidi kwenye giza. Kampuni yenye wahandisi na maabara ilipunguza namba iliyokuwa inaiuzia bidhaa. Mwenye duka anayekuambia namba ikipanda ubora unapanda anapingana na watu hao.

Tena hizo 64 ungezifanyia nini? Picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15, ile ambayo mzazi anaibandika kwenye albamu, inatosheka na megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 uliochapwa vizuri unahitaji karibu 9. Hiyo RX100 inakupa pikseli 5472 kwa 3648. Unaweza kukata nusu ya picha ukaitupa na bado ukachapa A4.

Hayo yote nimeyasema nikichukulia kwamba 64 ni za kweli. Hiyo uliyoonyeshwa sijaifungua, lakini za aina yake nimefungua nyingi. Niliyoifungua mwisho ilikuwa na kihisi kidogo kama punje ya choroko, cha aina inayofungwa kwenye simu za bei ya chini, cha megapikseli 8. Zile 56 zilizobaki zilibuniwa na programu: inatazama vinukta viwili vilivyo jirani, inakadiria rangi ya katikati yake, inachomeka kinukta kipya, na inaendelea hivyo mpaka faili lifikie 64. Mwalimu, hilo ni daftari la mahudhurio lenye majina 64 huku darasani wamo wanafunzi 8. Faili linakuwa zito, kadi inajaa haraka, na hakuna unywele mmoja wa ziada unaoonekana. Usichanganye jambo hili na simu nzuri zinazoandikwa megapikseli 48. Hizo kwa kawaida hufanya kinyume, zinaunganisha vinukta vinne kuwa kimoja na kukupa picha ya 12, kwa sababu waliozitengeneza wanajua kinukta kidogo peke yake ni dhaifu.

Zumu nayo iko hivyo hivyo. Zumu ya kweli ni ya lenzi, vioo vinasogea. Itazame RX100 usoni utasoma 10.4-37.1, yaani milimita za lenzi ikiwa haijavutwa na ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Gawanya kubwa kwa ndogo, unapata 3.6, hesabu imekamilika na haina ubishi. Ukiwasha ile mpya ukabonyeza zumu na hakuna kioo kinachosogea, basi hizo mara 18 ni mkasi: kamera inakata kipande cha katikati na kukivuta. Kukata mara 18 kwa upana na mara 18 kwa urefu ni kubakiza sehemu moja kati ya 324. Kwenye kihisi cha megapikseli 8 unabaki na pikseli elfu 24 na ushee. Stempu ina zaidi.

Kwenye lenzi hiyo hiyo utaona 1.8-4.9. Ni upana wa tundu la kupitisha mwanga, na namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi ya 1.8 inapitisha karibu mara nne ya mwanga wa lenzi ya 3.5. Lakini angalia, 1.8 unaipata zumu ikiwa haijavutwa. Ukivuta mpaka mwisho unashuka hadi 4.9 na faida imeondoka. Kwa hiyo ukumbini usisimame nyuma ukavuta. Nenda mbele, simama karibu na jukwaa, acha lenzi ikiwa pana. Hilo la 4K, yaani video yenye vinukta vingi zaidi, liache, video yake ya kawaida ya Full HD itakutosha shuleni.

Kwa Kolo, zima flashi kabisa. Michoro ile mingi ni myekundu iliyofifia juu ya mwamba wenye rangi inayokaribiana nayo, na flashi ya usoni inaumulika mwamba ukang'aa, mistari myembamba ikapotea. Mwamba unaning'inia juu kama kibaraza, kwa hiyo una kivuli laini kizuri. Egemeza kamera kwenye jiwe au kistendi kidogo, weka kipima saa cha sekunde 2 ili mkono usiitikise, na upige kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, ambayo RX100 inayo, ili baadaye uivute rangi nyekundu kwenye kompyuta bila kuiharibu picha. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, mwaka 1951 aliinakili michoro hii kwa mkono, mstari kwa mstari. Wewe una kifaa, kipe muda. Kuna watu wanaofundishana kwamba ukimwagia mwamba maji rangi "inaamka". Inaonekana kwa dakika chache, na maji yanaondoka na kilichodumu karne kwa karne. Eneo lile lina miamba yenye michoro zaidi ya 150 na UNESCO waliliorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Wanafunzi wako wakimwona mtu na chupa ya maji, wamzuie.

Sasa hofu ya mtumba. Hiyo ina msingi, hasa kwetu, kwa sababu ya vumbi. Lenzi inayochomoka na kurudi ndani inavuta mchanga kama pampu, na kamera nyingi ndogo ninazozipokea tatizo lake ni lenzi kukwama njiani. Iwashe na kuizima mara kumi mahali palipo kimya, ukiiweka sikioni. Ukisikia mkwaruzo kama wa kusaga uwele, usiinunue. Kisha weka tundu kwenye f/11, yaani tundu dogo, piga ukuta mweupe au anga, uikuze picha: madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi lililoingia ndani, na kulitoa ni kuifungua kamera nzima. Funika lenzi kwa kiganja upige picha ya giza, utazame kama kuna vinukta vinavyowaka. Hakikisha flashi inaruka na kurudi. Betri yake ni NP-BX1; kama imevimba, mwambie apunguze bei. Nenda na kadi yako mwenyewe na uzitazame picha hizo kwenye kompyuta, kioo cha nyuma kisikuhukumie.

Nawageukia na wengine mnaosoma, kwa sababu mwalimu huyu angalau ameuliza kabla. Mwaka 2010 watengenezaji wakubwa waliuza duniani kamera ndogo zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2, kwa sababu simu zilizila. Kampuni nyingi zenye majina ziliacha kutengeneza kamera za bei ya chini, na pengo hilo limejazwa na maboksi yasiyo na anwani ya mtengenezaji, yenye namba tu. Anayeyauza mara nyingi hajawahi kupiga picha hata moja ukumbini. Kadi za kumbukumbu zina ugonjwa huo huo: imeandikwa GB 256, ndani ina 8, na ikijaa inaanza kuandika juu ya picha zako za mwanzo bila kukuambia. Ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaipeleka kwenye shughuli ya mtu.

Wapo pia vijana wanaotoza elfu thelathini "kuflash kamera ipande megapikseli", yaani kuibadilishia programu ya ndani. Kihisi hakikui kwa programu. Mmoja wao alimharibia kamera mama mmoja aliyekuwa anajikimu nayo kwa picha za pasipoti, haikuwaka tena, na kazi niliyobaki nayo mimi ilikuwa kumpa habari. Na wanaosugua mikwaruzo ya lenzi kwa dawa ya meno, nawaomba muache. Ile rangi ya zambarau mnayoiona kwenye kioo ni utando unaozuia mwanga kurudi nyuma, na dawa ya meno inauondoa.

Kabla hujatoa pesa, mtake muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake, jina la kamera, ukubwa wa kihisi, na megapikseli halisi za kihisi hicho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Bila maandishi utakuwa unalalamikia maneno ya mdomoni. Akikataa kuandika, toka dukani.

Nawe Mwalimu, ukikubaliana na mwenye RX100, mwombe mje naye kwangu kabla hujapanda basi la Kondoa. Kuisikiliza lenzi ni dakika tano, na sitakutoza.