Lenzi na renjifainda hazielewani? Maswali yenu ya fokasi na majibu yake

Maswali ya kamera za renjifainda (zile unazofokasi kwa kuchungulia kwenye kitundu kando ya lenzi mpaka picha mbili ziungane kuwa moja) yamekuwa mengi na karibu yote ni jambo moja, jicho linaona sawa ila picha inatoka kivingine. Nimechukua machache, twende.

Nimepata lenzi ya zamani 50mm f/1.4. Kwenye kitundu picha mbili zinaungana safi kabisa, nikipiga naona masikio makali macho yana ukungu. Nianze kufungua wapi?

Usifungue kitu mkuu, weka bisibisi chini kwanza. Renjifainda haioni kupitia lenzi, hilo ndo watu wanasahau. Ndani ya mdomo wa kamera kuna karola kadogo (kigurudumu) kanakoegemea nyuma ya lenzi, ukizungusha pete ya fokasi ile kamu ya lenzi (ukingo wake wa nyuma unaogusa karola) inasogea na karola kanaifuata, huko juu ndo picha mbili zinakutana. Kwahiyo kamera inaamini inachoambiwa na kamu tu, kama kamu inasema mita 1 na vioo vya lenzi vimekaa kwa mita 1 na kidogo, kitundu kitakuonyesha safi na filamu itakuonyesha masikio.

Sasa nani mwenye kosa, bodi (kamera yenyewe) au lenzi? Azima lenzi nyingine uweke kwenye bodi hiyohiyo. Zikikosea zote upande uleule shida ni ya bodi, akikosea huyu mmoja tu basi ni yeye. Na kabla ya kumlaumu mtu yeyote weka kamera kwenye tripodi, maana kwa 50mm f/1.4 (f ni tundu la mwanga, namba ndogo ndo tundu kubwa) ukiwa mita 1 eneo lote lililo kali ni kama sentimita 3 mbele na nyuma ukijumlisha, ukisogea hadi mita 0.7 inabaki kama 1.6. Ukipumua tu umeshatoka kwenye fokasi, hapo hakuna cha kukalibreti (kurekebisha vipimo).

Nipimaje nyumbani? Kamera ni ya filamu, sitaki kumaliza roli nzima kwa kupiga rula.

Huhitaji filamu hata kidogo, unahitaji kuona kile ambacho filamu ingeona. Tafuta kipande cha kioo chenye ukungu upande mmoja (skrini ya kufokasia ya kamera mbovu inafaa sana), upana wake usizidi mm 35 ambao ni upana wa filamu yenyewe. Fungua mgongo wa kamera, utaona reli nne, mbili za ndani na mbili za nje. Filamu inakaa kwenye zile za NDANI, za nje ni za bamba la kuikandamiza, ukiweka kioo juu ya za nje vipimo vyote ni bure na utahangaika wiki nzima unatafuta kosa ambalo halipo. Upande wenye ukungu uangalie lenzi. Ukikosa kioo unaweza kuvuta selotepu ile isiyong'aa ikakaa bapa juu ya reli za ndani, inaonyesha japo sio raha.

Afu shata weka B (inabaki wazi muda wote kitufe kimebonyezwa), ifunge na waya wa kubonyezea wenye kufuli ibaki wazi, lenzi fungua hadi mwisho kabisa, f/1.4 kama ni f/1.4. Weka mbele yako karatasi yenye mistari myembamba imesimama wima na pembeni yake rula imelala kwa nyuzi 45, mstari wa katikati wa karatasi uwe sawa na namba moja ya rula unayoijua. Fokasi kwa kutumia kitundu peke yake, ukimaliza usiguse pete, nenda nyuma na lenzi ya kukuzia uangalie kwenye kioo ni namba gani ya rula iliyo kali. Halafu fanya kinyume, fokasi kwa kioo mpaka mstari uwe mkali afu ndo uchungulie kitunduni uone picha mbili zimeachana kiasi gani na upande gani. Rudia mara kadhaa, mara ukitokea infiniti (mwisho wa mbali wa pete) mara ukitokea karibu, maana lenzi za zamani pete inakuwa na mchezo na majibu ya pande mbili yanaweza kutofautiana, kama yanatofautiana sana tatizo lako ni grisi na nyuzi za skrubu ndani ya lenzi wala sio kalibresheni.

Rula ikiwa kwenye nyuzi 45 milimita 10 za rula ni kama 7 tu za kina halisi, usije ukasoma moja kwa moja.

Wenye Leica za zamani za skrubu ambazo mgongo haufunguki, njia hii kwenu haipo, itabidi mpige filamu au mumpe fundi.

Infiniti nimeipima kwa jengo lililo kama mita 30, iko sawa. Inatosha?

Hapana. Mita 30 kwa macho ni mbali ila kwa lenzi sio mbali. 50mm ikifokasi mita 30 inakuwa imetoka nje kama mm 0.083 kutoka pale inapokaa kwenye infiniti, na kosa la namna hiyo ukiwa mita 1 ni zaidi ya sentimita 3, yaani limekula lile eneo kali lote. Tumia kitu kilicho kilomita moja kwenda mbele, mnara, ukingo wa kilima, mwezi wenyewe ni mzuri sana, nyota pia.

Nimepima, fokasi inaangukia sentimita 4 NYUMA ya mstari nikiwa mita 1. Naweka shimu ya unene gani?

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Kwa 50mm ukiwa mita 1, kila sentimita moja ya kosa ni kama mm 0.025 ya kusogeza vioo. Sentimita 4 basi ni mm 0.1. Ikianguka nyuma unaongeza shimu (zile pete nyembamba zinazokaa kati ya kifurushi cha vioo na sehemu inayozunguka) ili vioo viende mbele, ikianguka mbele ya mstari unapunguza.

Lakini subiri, kabla ya kukata pete nenda kaangalie infiniti kwanza. Shimu inasogeza vioo kiasi kilekile kwa umbali wote. Kama infiniti ilikuwa sawa na ukaweka hiyo 0.1, pete ikigonga mwisho lenzi yako itakuwa inaangalia mita 25, milima yote imekufa. Kwahiyo shimu ni dawa pale tu ambapo kosa la kwenye filamu ni lilelile mbali na karibu. Kama mbali iko sawa na karibu inakosea, lenzi na kamera hazina hesabu moja, au kama lenzi zako zote zinafanya hivyo, mkono wa karola ndani ya bodi ndo umetoka kwenye kipimo. Kwenye Leica M karola kenyewe kamekaa kwenye ekseli isiyo ya katikati, ukiizungusha unarekebisha infiniti, ila urefu wa mkono ndo unaorekebisha karibu na ukigusa kimoja kingine kinahama. Infiniti mtu mtulivu anaweza kuijaribu. Mkono mimi nasema mpe fundi.

Nina lenzi ya Jupiter-3 f/1.5 ya Kirusi nimeiweka kwenye Leica M kwa adapta, mbali safi, karibu vurugu.

Ndo hiyo hesabu niliyosema hapo juu. Leica wamejenga renjifainda yao kwa lenzi ya mm 51.6 halisi, ingawa imeandikwa 50. Lenzi za Kisovieti za ukoo huo zilirithi hesabu ya Contax (kamera za Kijerumani za Zeiss), urefu wa lenzi sio uleule, kwahiyo haziwezi kukubaliana kuanzia karibu mpaka mbali hata ukifanya nini na shimu. Unachagua. Kama unapiga watu kwa f/1.5 weka shimu inayofanya fokasi iwe sawa ukiwa mita 1 hadi 2, na mandhari piga kwa f/8 ambapo kosa linajificha. Mi ningechagua hivyo, sijui nani ananunua f/1.5 akapige milima.

Pima na adapta pia. Skrubu ya M39 (mdomo wa lenzi za kuzungusha kama hiyo) inataka mm 28.8 mpaka kwenye filamu na mdomo wa Leica M unataka 27.8, hivyo adapta lazima iwe mm 1 kamili, za bei rahisi sio zote ziko hivyo.

Je nikipima kwa kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, kwa adapta?

Utajua kama lenzi ni kali, basi. Haina karola, na adapta nyingi zimefanywa fupi kidogo makusudi ili infiniti ipatikane. Leica ya dijitali yenye laivu vyu (unaona kwenye skrini kile sensa inachoona) ndo inafaa, pale unalinganisha kitundu na sensa palepale.

Nikifunga f/4 fokasi inahamia nyuma, f/1.5 iko sawa. Imeharibika?

Haijaharibika, lenzi za muundo wa Sonnar, Jupiter-3 ikiwemo, ndo tabia yao. Chagua f moja unayoitumia zaidi, kalibreti hiyo, nyingine izoee tu.

Picha mbili kitunduni moja iko juu kidogo ya nyingine.

Hiyo haibadilishi fokasi, inachosha macho tu. Ina skrubu yake.

Jamaa kaniambia nibandike selotepu kwenye kamu ya lenzi, eti inatosha.

Kwa majaribio nakubali. Tepu inasukuma karola ndani, kamera inadhani kitu kiko mbali zaidi, unalazimika kutoa lenzi nje kidogo, kwahiyo inasaidia pale fokasi inapoanguka nyuma tu. Kama inaanguka mbele utaongeza ubaya. Foili ya jikoni ni nyembamba zaidi, nyingi ziko karibu mm 0.016, kwahiyo unaweza kupanda taratibu tabaka kwa tabaka. Ukishapata unene unaokupa jibu zuri, itoe yote, safisha gundi, ukate shimu ya unene huo, maana karola kakipita juu ya tepu kila siku tepu inalika na gundi inaingia kusikotakiwa.