Jibu: Bendi bila vayolini inajaza vipi konsati nzima?

Mkuu umeuliza bendi ya ala za kupuliza inawezaje kushika konsati nzima bila vayolini kwenye mkutano kama Midwest Clinic, ule wa Chicago kila Desemba, tena ukumbi umejaa walimu wa muziki watupu. Inaweza kabisa! Siri kubwa ni klarineti, zile ndo zinabeba kazi ambayo kwenye okestra ingefanywa na vayolini, filimbi zinakaa juu, tuba chini, saksafoni na honi (zile pembe za shaba zilizojiviringa) zinaunganisha katikati. Kondakta Mmarekani Frederick Fennell alipoanzisha bendi ya ala za kupuliza ya Eastman Wind Ensemble mwaka 1952 aliweka mpigaji mmoja kwa kila sauti, ndo maana bendi za mtindo ule kila ala unaisikia waziwazi. Kazi ipo kwenye tyuni, yaani kulinganisha sauti za ala, maana ala ikipata moto sauti inapanda, ikipoa inashuka, sasa fikiria mtu amekaa kimya anahesabu baa 30 (vipande vya mapigo kwenye muziki) halafu anaingia solo, yaani anapiga peke yake, na obo (ala nyembamba ya mbao ya kupuliza) imeshapoa, aisee mpigaji huyo nampa heshima zake zote. Ukienda kusikiliza kaa katikati ya ukumbi, mbele kabisa ala zilizo karibu nawe zitafunika nyingine.