Mama ana Alzheimer, je, sisi watoto tukapime jeni?

Mkuu, umesema mama yenu amegundulika na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, bibi naye alifariki akiwa hawatambui wanawe, na sasa ninyi wanne mnataka kupima jeni. Mimi nimemuuguza mama yangu miaka sita hapa Chamwino, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwetu ulianzia jikoni. Mama alikuwa fundi wa mlenda. Jioni moja nikamkuta kasimama mbele ya chungu, magadi mkononi, ananiuliza, "Hivi nimeshatia?" Mlenda ulikuwa mchungu haulambiki. Majirani wakasema ni laana ya ukoo, na posa ya mdogo wangu wa kike ikavunjika. Iliniuma sana. Ndipo nikaanza kuwasumbua madaktari kwa maswali.

Cha kwanza ni umri alioanza kuugua. Kuna jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2. Ukirithi hitilafu kwenye mojawapo, ugonjwa karibu lazima uje, mara nyingi kabla ya miaka 65, na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Ila wagonjwa wa aina hiyo hawafiki hata 1 kati ya 100. Mama yangu alianza akiwa na miaka 74. Kwa umri huo inayotajwa zaidi ni jeni nyingine, APOE aina ya e4, nayo huongeza uwezekano tu. Wapo walio nayo wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa. Tena kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, watafiti waliona e4 haina nguvu kama waliyoiona kwa Wazungu. Majibu ya maabara ya mbali yanaweza kukutisha bure.

Na hata jeni mbaya yenyewe ina mpinzani. Mwaka 2019 iliripotiwa habari ya mama mmoja wa Colombia mwenye hitilafu ya PSEN1. Ndugu zake husahau wakiwa na miaka arobaini na kitu, yeye akafika sabini ndipo akaanza. Alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la APOE, na sasa watafiti wanatafuta dawa ya kuliiga.

Kupima e4 kuna maana mgonjwa anapotaka kuanza dawa kama lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023. Hupunguza kasi ya ugonjwa kiasi, haiponyi, na mwenye e4 mbili, yaani moja toka kwa kila mzazi, yuko hatarini zaidi kuvimba au kuvuja damu kwenye ubongo.

Kwa hiyo msikimbilie maabara. Kaeni na wajomba na mama wadogo, mwandike nani aliugua na alianza akiwa na miaka mingapi, kisha mwende na daftari hilo kwa daktari. Na presha zenu mpime wiki hii, maana presha ya juu nayo huongeza hatari ya ubongo kusahau.