Mkorea akikwambia "nitafikiria"

Ndugu, umeuliza kwa nini bosi wako Mkorea alisema "nitafikiria" kisha akanyamaza wiki nzima. Mara nyingi hapo ameshakataa, ila hataki kukuaibisha. Kwao kuna kitu kinaitwa nunchi, yaani "kipimo cha jicho": kumsoma mtu kabla hajasema. Hawasemi nunchi yako ni nzuri, wanasema ina kasi, maana kuelewa kwa kuchelewa hakusaidii. Siku nyingine msikilize akivuta pumzi kupitia meno kabla ya kujibu, jibu umeshalipata. Na wewe pia unasomwa, tena sana! Mpokee kikombe kwa mikono miwili, na mkinywa pombe pamoja, geuza uso pembeni ndipo unywe, kwa kuwa yeye ni mkubwa wako.