Nyimbo za Mapenzi za Mtu Asiyependa Nyimbo za Mapenzi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, na mama yako hajambo, ila mguu wake bado unamsumbua. Umeniuliza jambo lililonichekesha: wewe na mwenzio mnaandaa arusi, nyote wawili hamzipendi nyimbo za mapenzi, na mngependa kujua ni zipi ninazozipenda mimi, ambaye tangu ukiwa mdogo nilikuwa nikizima redio kila mwimbaji alipoanza kumfananisha mpenzi wake na ua.

Ni kweli nilikuwa nikizima, kwa kuwa nilichoka kusikia mtu akisifiwa sura tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho bila ya kuambiwa anaishi vipi wala nani anamdai. Wimbo unaonishika ni ule ambao mwimbaji yumo taabuni, na taabu yenyewe haiondoki kwa sifa.

Wa kwanza ni Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Sikiliza vizuri anaimbiwa nani. Anaimbiwa mwanamume aliyefura kwa hasira, naye mwimbaji anamtuliza kwa hoja ya ajabu: yule mwanamke si wako wala si wangu, kila mmoja wetu ana wake nyumbani, basi chuki hii ni ya nini? Mwanamke mwenyewe hatumwoni hata ukucha. Na hoja hiyo, ukiipima, ni ya mtu mwenye makosa hadi utosini, ndiyo maana sijauchoka. Kaseti yangu ilinaswa redioni mara mbili. Niliuvuta utepe polepole kwa kidole, kisha nikaurudisha kwa kuzungusha kalamu tunduni, na tangu hapo magitaa yakawa yanayumba kidogo kabla ya sauti kuingia. Nikiusikia kwingine bila ya kuyumba huko, naona kama umeharibika.

Wa pili ni Kasongo wa Super Mazembe, wale Wakongo waliohamia Nairobi miaka ya 1970. Mama yako alikuwa akiuimba huku akipiga pasi ya mkaa, bila ya kujua neno hata moja la Kilingala, mpaka jirani yetu mmoja kutoka Kongo alipomweleza kwamba humo kuna mke anayemlilia mume aliyeondoka, na kwamba «mobali na ngai» maana yake ni mume wangu. Wanaoimba ni wanaume watupu, lakini kilio ni cha mwanamke. Mama yako aliinua pasi, akanitazama, kwani siku zile nilikuwa nikichelewa kurudi, kisha akaendelea na shati langu huku akiimba kwa sauti kubwa zaidi. Sijapata kukaripiwa vizuri namna ile.

Malaika unaujua. Mabishano juu ya mtunzi wake hayajaisha, ila Fadhili William aliurekodi na Miriam Makeba akaufikisha mbali. Ninashangaa watu wanavyoupiga arusini, ilhali ni wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa sababu hana mali. Kwenu usipigwe kabisa: mahari ilikwisha baada ya vikao vitatu, na wakwe zetu wasije wakadhani tunawasema.

Remmy Ongala, yule mwanamuziki wa Tanzania, nitamgusa tu, maana kuna mambo ambayo baba hamwandikii mwanawe kwa raha. Wimbo wake Mambo kwa Soksi unahusu kondomu na Ukimwi, na redio ya taifa haikukubali kuupiga. Mimi nauhesabu miongoni mwa nyimbo za mapenzi, kwa sababu anayekutaka uwe hai keshokutwa anakupenda kuliko anayeyasifu macho yako.

Sasa utaona tatizo: mmoja unatetea uzinzi, wa pili ni wa mke aliyeachwa, wa tatu ni wa mkata, na wa nne ukipigwa, shangazi yako atatoka ukumbini. Kwa kuingilia, basi, kodini matarumbeta ambayo hayasemi neno. Kasongo muuweke usiku, chakula kikishaliwa. Mama yako amekwisha kusema kwamba atacheza, mguu uume usiume. Niandikie shughuli inaanza saa ngapi, nijue tupande basi la asubuhi au tutangulie siku moja.

Baba yako