Jibu: Mkandarasi anaondoka, nywila za seva anazo yeye

Habari yako ndugu. Umesema mkataba wenu na kampuni inayotunza seva unakwisha 30 Juni, na nywila kuu bado ziko kwao. Leo hii, kabla ya barua yoyote, angalia akaunti ya kikoa chenu cha .go.ke (anwani ya mtandao ya ofisi za serikali ya Kenya) imesajiliwa kwa baruapepe ya nani. Kwetu hapa Upper Hill, Nairobi, ilikuwa ya fundi wa mkandarasi wetu aliyeshaacha kazi. Kwa sababu hiyo wiki nzima wananchi walirudi nyumbani bila huduma, iliniuma sana. Kisha daini nakala rudufu za data zenu, mzirejeshe wenyewe kwenye mashine nyingine. Msikubali kuonyeshwa faili tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mkataba wa maandishi na anayewachakatia data, usomeni. Mkataba ukiruhusu, malipo ya mwisho yashikilieni hadi makabidhiano yatiwe sahihi.