Mtihani wa Nyumbani Mbele ya Kamera: Yanayowafutia Watu Matokeo

Wewe unayejiandaa kufanya GRE au GMAT za kuombea masomo ya uzamili, ama TOEFL au Duolingo English Test za kupima Kiingereza, ukiwa nyumbani, nianze na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Watu waliofutiwa matokeo ambao nimekaa nao, nikasoma barua zao na kuwasaidia kuzijibu, wengi wao hawakuiba mtihani. Walifanya kitu kidogo mbele ya kamera, kitu ambacho msimamizi wa ukumbini angekiona na kukiacha kipite. Msimamizi aliye mbali ana uso wako, sauti ya chumba chako na kinachopita kwenye skrini, basi. Hawezi kujua ulikuwa unawaza nini ulipogeuza macho dirishani. Anaandika alichokiona, na uamuzi unakuja siku kadhaa baadaye kwa baruapepe.

Inaniuma kila mara. Mtu amesoma miezi, amekopa ada, halafu safari inakwama kwa sababu ya simu iliyosahaulika mezani. GRE peke yake ni dola 220, zaidi ya shilingi laki tano za Tanzania, na ukifutiwa kwa kuvunja kanuni hurudishiwi.

Mitihani ya nyumbani ilishika kasi mwaka 2020, corona ilipofunga kumbi na ETS, wenye TOEFL na GRE, wakafungua mlango wa kufanyia nyumbani. Duolingo wao walikuwa mtandaoni tangu awali. Kwa kijana wa Kigoma, Lodwar au Bukavu nafuu yake ni kubwa: hakuna nauli, hakuna kulala gesti mji mgeni usiku wa kuamkia mtihani. Kwa hiyo simkatazi mtu. Ninachotaka ni aingie akiwa anajua anaingia wapi.

Kinachowaponza wengi ni kuchukua kanuni za mtihani mmoja na kuzipeleka kwenye mwingine. Kwenye GRE ya nyumbani karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unaruhusiwa ubao mweupe mdogo na kalamu yake ya kufutika, au karatasi moja iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, uandike juu ya plastiki. Ukimaliza unafuta kila kitu msimamizi akiona. Nimeona mtu aliyenunua ubao, akafanya mtihani vizuri, kisha kwa furaha ya kumaliza akafunga kompyuta bila kuonyesha kwamba amefuta. Duolingo ni kinyume kabisa: hakuna karatasi, hakuna kalamu, hakuna kuandika popote nje ya skrini. Aliyezoea GRE mkono wake unajiendea wenyewe kutafuta kalamu, na kalamu hiyo mkononi inatosha matokeo yasithibitishwe. Tena Duolingo hakuna msimamizi wa kukuonya papo hapo. Unarekodiwa, halafu watu na programu wanaipitia video yako baadaye, kwa kawaida ndani ya siku mbili. Kimya cha wakati wa mtihani kisikudanganye kwamba mambo yako sawa.

Soma kanuni kwenye tovuti ya wenye mtihani wiki ile ile unayofanya. Zinabadilika, na ushauri wa rafiki aliyefanya miaka miwili iliyopita unaweza kukuharibia. Duolingo, kwa mfano, siku hizi wanatumia simu yako kama kamera ya pili, wakati miaka ya nyuma simu ilitakiwa iwe mbali kabisa.

Tuje kwenye chumba. Unatakiwa uwe peke yako, mlango ufungwe na msimamizi auone, ukae kwenye kiti cha kawaida mbele ya meza, si kitandani wala kwenye sofa. Mgahawa na intaneti kafe ni marufuku. Sasa sisi tunajua nyumba zetu. Mlango wa chumba mara nyingi ni pazia, na mtoto wa shangazi hajui kwamba kuingia kuomba chaja ni kuvunja kanuni. Usitegemee kuwaambia watu asubuhi kwamba una mtihani. Mweke mtu mzima nje ya mlango, akae pale mpaka utoke. Ikiwa nyumbani haiwezekani, omba chumba kwa ndugu, au ofisi ya mtu siku ya Jumapili. Kelele za nje kama adhana au magari si kosa lako. Sauti ya mtu anayeongea karibu yako ndiyo inayotiliwa shaka, hata kama ni redio ya jirani.

Kwenye mitihani yenye msimamizi kama GRE, mwanzoni utaambiwa uzungushe kamera kuonyesha chumba kizima, juu ya meza na chini yake. Kwa kompyuta mpakato, utatakiwa pia kuonyesha skrini yenyewe na kingo zake, kwa kutumia kioo cha mkononi au simu. Hapo ndipo simu inaponasa watu. Ameitumia kuonyesha skrini, ameambiwa aiweke mbali, anaisogeza pembeni ya meza na kuendelea. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, uachane na simu kabisa. Na kama intaneti yako inatoka kwenye bando la simu, simu hiyo itakuwa chumbani ikiwaka na kupokea ujumbe. Azima ruta au MiFi, au simu ikae chumba cha pili mikononi mwa yule mlinzi wako wa mlangoni, ukiwa umeshajaribu kwamba mawimbi yanafika.

Mwanga nao usiuchukulie poa. Programu za kutambua uso zimewahi kulalamikiwa hadharani kwamba zinashindwa kuziona nyuso nyeusi. Robin Pocornie, mwanafunzi wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, alilazimika kufanya mitihani ya chuo chake taa ikimmulika usoni ili programu isiendelee kudai kwamba hakuna uso. Alipeleka malalamiko yake kwenye taasisi ya haki za binadamu ya Uholanzi, na Desemba 2022 ilisema kuna dalili za ubaguzi ambazo chuo kilipaswa kuzijibu. Uamuzi wa mwisho wa 2023 haukumpa ushindi kuhusu programu yenyewe, lakini suala likajulikana. Mimi naliona ni dhuluma kwamba mzigo huu tunaubeba sisi, na lazima lisemwe. Hata hivyo siku ya mtihani jilinde: taa mbele yako, si nyuma, dirisha lisiwe mgongoni, ukuta wa nyuma uwe wa rangi nyepesi ikiwezekana. Jaribu saa ile ile utakayofanyia, kwa sababu chumba cha saa nne asubuhi si kile cha saa moja jioni.

Masikio yaonekane muda wote. Rasta na nywele ndefu zifungwe nyuma. Dada zangu mnaovaa ushungi, vazi la kidini linaruhusiwa GRE mradi masikio yaonekane, na kwa wengine hilo si jambo dogo. Msisubiri kubishana na msimamizi dakika ya mwisho kwa Kiingereza cha haraka kwenye dirisha la ujumbe. Andikieni wenye mtihani mapema na mpate jibu la maandishi, au chagueni kituo cha mtihani.

Mwili wako pia una tabia ambazo huzijui mpaka ujirekodi. Wengi tumezoea kusoma swali kwa kunong'ona, midomo ikitembea. Tunafikiri huku tukitazama darini. Tunashika kidevu mpaka mkono unafunika mdomo. Mbele ya kamera midomo inayotembea ni mtu anayesomewa majibu, na macho yanayorudi pembeni ile ile kila mara ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Fanya mtihani wa majaribio ukijirekodi, kisha jitazame kama mtu asiyekujua. Nimewafanyisha wengi zoezi hili na karibu kila mmoja alishtuka. Na nenda chooni kabla: GRE tangu Septemba 2023 ni chini kidogo ya saa mbili na haina mapumziko yaliyopangwa.

Kwenye kompyuta, hofu yangu kubwa ni fundi. Ulipeleka kompyuta kutengenezwa, fundi akaweka AnyDesk au TeamViewer ili amalizie akiwa dukani kwake, na hakuiondoa. Programu ya kuongozea kompyuta kwa mbali ikikutwa inafanya kazi, hakuna atakayeamini habari ya fundi. Ziondoe zote, chomoa skrini ya pili, zima VPN (programu inayoficha mahali ulipo), funga WhatsApp ya kompyuta. Kompyuta ya ofisini usiitumie bila kuijaribu, maana nyingi zimefungwa na watu wa TEHAMA.

Kuna makosa mengine mawili ambayo sisi tuliosoma kwa mitihani ya NECTA au KCSE tunayafanya kwa moyo safi. Moja ni majibu ya kukariri. Kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp kuna insha zilizoandaliwa tayari: unajaza mada katikati, utangulizi na hitimisho ni vilevile. Shida ni kwamba watu wengi mno wameuziwa insha ile ile, na programu hulinganisha. ETS wanasema wazi kwamba insha ya GRE inayofanana sana na maandishi mengine inaweza kufanya alama zako zote zifutwe. Kariri namna ya kupanga hoja, sentensi ziwe zako.

La pili ni kusimulia maswali. Kwetu kuyapitia maswali ya zamani ni njia halali ya kusoma, na mtu akitoka kwenye chumba cha mtihani anawaambia wenzake kilichokuja. Kwenye mitihani hii umesaini makubaliano ya kutunza siri kabla hujaanza. Ukiandika kwenye kundi "leo imekuja hii na hii", umevunja makubaliano hata kama ulipata alama zako kihalali. Makundi hayo wenye mitihani wanayafuatilia.

Kisha kuna wale wanaokutumia ujumbe wakijiita mawakala, wakidai watakufanyia mtihani kwa mbali wewe ukiwa umekaa tu mbele ya kamera. Usiwajibu kabisa. Ukishawapa nakala ya pasipoti na pesa, wanaweza kukutishia kukuripoti kila wanapotaka nyingine. Udanganyifu huu umeshaanza kuwagharimu wasiohusika. Wenye LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani, walitangaza 2025 kwamba kuanzia Agosti 2026 karibu wote watafanyia kituoni. ACCA, chama cha wahasibu chenye mitihani ambayo wahasibu wetu wanaijua vizuri, nacho kilitangaza kuacha mitihani ya nyumbani kuanzia Machi 2026 isipokuwa kwa hali maalumu. Mlango uliomsaidia kijana wa mbali unafungwa.

Adhabu zenyewe zina ngazi. Unaweza kuonywa na kuendelea. Mtihani unaweza kusimamishwa ukiwa katikati. Matokeo yanaweza kufutwa baadaye. Kwa makosa mazito kama mtu kukufanyia, unafungiwa, na vyuo ulivyowatumia alama vinaarifiwa. Kampuni hujiachia haki ya kuzipitia na kuzifuta alama hata baada ya kuzituma, kwa hiyo kupokelewa chuoni hakumalizi habari. Mtihani uliofutwa huhesabiwa pia kwenye idadi unayoruhusiwa. GRE ni mara 5 ndani ya miezi 12, na lazima zipite siku 21 kati ya mmoja na mwingine. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamili na uzamivu nusu ya kwanza ya Desemba. Piga hesabu mwenyewe: anayefanya mtihani wake wa kwanza katikati ya Novemba, akifutiwa nafasi yake ya kurudia kabla ya tarehe hizo ni finyu mno. Fanya Septemba, au Oktoba mwanzoni ikishindikana.

Barua ikija, usijibu siku hiyo ukiwa na hasira. Lakini usikae wiki pia, kwa sababu muda wa rufaa ni mfupi na mara nyingi rufaa ni moja tu. Soma ni kanuni gani wanayosema umeivunja, ujibu hiyo peke yake. Eleza kilichotokea kwa mpangilio wa saa: umeme ulikatika dakika hii, mtu aliingia akatoka, sikuongea naye. Ambatanisha ulichonacho: picha ya chumba, uthibitisho wa fundi kwamba programu ile ni yake na aliiweka lini, mazungumzo yako na msimamizi kama uliyahifadhi. Usijitetee kwa ulivyo mcha Mungu wala kwa matatizo ya nyumbani. Anayesoma anatafuta maelezo ya kile kilicho kwenye video, na barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Wakati rufaa inaendelea, andikia ofisi ya udahili. Usisubiri waulize. Waambie alama zitachelewa, taja tarehe ya mtihani mpya uliopanga, na uliza kama wanakubali kupokea alama baada ya siku ya mwisho ya maombi. Vyuo vingine hukubali maombi mengine yakiwa kamili, vingine hata GRE hawaitaki tena tangu 2020. Mara hii ya pili, kama uwezo upo, panga kituoni Dar es Salaam, Nairobi au Kampala.